Chumvi Haiondoki na Mvuke: Kufuga Gobi wa Milia Nyumbani

Ukimkuta gobi wa milia dukani, mara nyingi yuko kwenye tangi la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kajibana pembeni, weusi umegeuka kijivu na tumbo limeingia ndani. Muuzaji atakuambia samaki huyu hana maisha. Mimi nafuga hao hao, na nakuhakikishia kwamba maisha wanayo, ila wanataka vitu viwili ambavyo tangi lile halina: chumvi kidogo, na chakula kinachotapatapa. Wakivipata, njano inawaka, milia inakolea, na kila mmoja anajitwalia kombe lake na kulilinda kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Ni samaki wa jenasi ya Brachygobius, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, kwenye mikoko na milango ya mito ambako maji ya mto yanakutana na maji ya bahari. Spishi ni kadhaa na madukani huuzwa zote kwa jina moja. Usijisumbue kuzitenganisha, maana hata wataalamu hukuna vichwa. Mkubwa kabisa hufika sentimita 3 au 4. Si mwogeleaji: mapezi yake ya tumboni yameungana yakawa kikombe cha kunatia, naye hunata juu ya jiwe, kwenye kioo, hata kwenye bomba la filta, akizungusha macho huku na huku kutafuta kitu kidogo kinachotembea.

Kwa nini chumvi? Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma, naye hukojoa mchana na usiku ili asivimbe. Samaki wa bahari ni kinyume chake: maji humtoka, basi hunywa maji ya bahari na kuitema chumvi ya ziada kupitia matamvua. Samaki wa mlango wa mto ana mitambo yote miwili, na hubadilisha kulingana na maji yaliyopo. Kubadilisha huko kunakula nguvu. Kwa hiyo usisikilize wanaosema kwamba, kwa kuwa baharini kuna kujaa na kupwa, basi na tangini chumvi ipande na kushuka kila siku. Gobi akikaa kwenye kiwango kimoja cha chumvi, nguvu zake zinakwenda kwenye kukua na kuzaa.

Chumvi ipi, na kiasi gani

Chumvi inayotakiwa ni ile ya kutengenezea maji ya bahari kwenye matangi. Ya mezani ni sodiamu kloridi karibu tupu. Hii ya matangi ina kalsiamu, magnesiamu na kabonati, na hizo ndizo zinazoyafanya maji kuwa magumu na kuishikilia pH (kipimo cha uasidi wa maji) isishuke. Soma lebo vizuri, kwa sababu vipo vipakiti vya "chumvi ya akwariamu" vilivyokusudiwa kutibu samaki wa maji baridi, na ndani mwake mna sodiamu kloridi ile ile ya mezani.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Gobi hawa hawahitaji hata robo ya hizo. Wafugaji hupima kwa kulinganisha uzito wa maji na ule wa maji baridi: maji baridi ni 1.000, bahari ni karibu 1.025, na gobi mimi huwaweka kati ya 1.003 na 1.005. Kufika 1.005 utahitaji gramu 7 hadi 9 kwa lita, kutegemea chumvi yako imenyonya unyevu kiasi gani tangu ifunguliwe. Ndiyo maana sikubali vipimo vya vijiko. Pima kwenye mizani ya jikoni, kisha uthibitishe kwa kipimo cha maji.

Kipimo cha bei nafuu ni haidromita ya plastiki yenye mshale unaopanda. Inafaa, lakini ina tabia moja mbaya: viputo vya hewa hunata kwenye mshale na kuunyanyua, ukasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Ukishajaza maji, kigonge kwa kidole ubavuni mara kadhaa mpaka viputo vitoke, ndipo usome. Na ukimaliza, kisuuze kwa maji baridi, la sivyo chumvi itakauka kwenye ekseli na mshale utakuwa mzito. Ukiweza kupata rifraktomita, ile unayodondoshea tone na kuchungulia kwenye mwanga, ni bora zaidi, mradi kwanza uijaribu kwa maji yaliyotoneshwa na uirekebishe isome sifuri.

Chumvi huyeyushwa kwenye ndoo nje ya tangi. Usiimwage kavu kwenye tangi lenye samaki hata siku moja: gobi anakaa chini, na chembe zitatua juu ya ngozi yake na kumuunguza. Tia maji, tia dawa ya kuondoa klorini, tia chumvi, weka pampu ya hewa, uache usiku kucha.

Tangi lenyewe

Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 linatosha kwa gobi wanane hadi kumi. Kwa hesabu ya karatasi ni lita 54, lakini ukishatia mchanga na mawe na kuacha nafasi juu, maji yenyewe ni kama lita 45. Hesabu ya chumvi inafuata hizo 45: anza na gramu 300, koroga, pima, kisha ongeza kidogo kidogo. Wengi hutumia ile lita 54 iliyoandikwa kwenye boksi, halafu wanashangaa kwa nini kipimo kimepita.

Chini weka mchanga laini uliochanganywa na matumbawe yaliyosagwa, yanayosaidia kushikilia pH kwenye 7.5 hadi 8.3. Kisha maficho, tena mengi kuliko idadi ya samaki: makombe ya konokono yaliyo tupu na yaliyochemshwa, vipande vifupi vya bomba la plastiki, mawe yaliyopangwa yakaacha mianya. Gobi wanagombana. Madhara si makubwa kwa sababu midomo yao ni midogo, lakini mnyonge asiye na pa kujificha hali chakula. Panga vitu ili aliye kwenye kombe moja asimwone aliye kwenye jingine.

Filta iwe ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Mkondo wake ni mpole, haimezi watoto, na hewa inayopanda inasaidia, kwani maji yenye chumvi na joto hubeba oksijeni pungufu kidogo. Hita iweke maji kwenye nyuzi 25 hadi 28. Kifuniko lazima kiwepo. Chumvi hutambaa: matone yanayorushwa na viputo hukauka ukingoni na kuacha ukoko mweupe, ukoko unanyonya unyevu, unasogea mbele, mwishowe unafika kwenye plagi. Futa ukingo kwa kitambaa kibichi kila wiki, na nyaya zote zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likishuka kwenye waya lidondokee sakafuni. Vibanio na skrubu za chuma usiviweke kabisa, vitaoza.

Mimea? Usitarajie bustani. Jimbi la Microsorum pteropus linastahimili 1.005 likifungwa kwenye jiwe au kisiki, shina lake lisifukiwe, litakua taratibu. Vallisneria nayo hujikaza. Mche wa mkoko unapendeza kwenye tangi lililo wazi juu, mizizi majini na majani hewani chini ya taa kali, lakini usidanganywe kwamba utasafisha maji yako. Mkoko unakua polepole mno kwa kazi hiyo.

Kabla ya samaki kuingia

Tangi jipya halina bakteria. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina ukali. Ujenzi wa jeshi hilo huchukua wiki 4 hadi 6. Washa filta na hita, weka chumvi kwenye kiwango utakachokitumia, tia amonia kidogo au chakula cha samaki kioze humo, na upime. Amonia ikipanda ikashuka, nitriti nayo ikapanda ikashuka, zote zikabaki sifuri, tangi liko tayari. Bakteria wajengwe kwenye chumvi tangu mwanzo. Ukiwajenga kwenye maji baridi kisha ukapandisha chumvi kwa mkupuo, wengi watakufa na utarudi ulikotoka.

Katika maji haya amonia si ya kufanyia mzaha. Amonia huwa na sura mbili majini, moja isiyo na madhara makubwa na moja yenye sumu, na pH ndiyo inayoamua uwiano wake. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Kiasi ambacho kwenye tangi la maji laini samaki wangekivumilia, huku kitawachoma matamvua.

Siku ya kuwaleta, pima maji ya mfuko kabla ya kitu kingine. Ikiwa walikuwa kwenye maji baridi, waweke kwanza kwenye tangi la pembeni lenye 1.002, kisha upandishe kwa 0.002 kila wiki mpaka ufikie kiwango cha tangi lako. Ikiwa tayari walikuwa kwenye chumvi inayokaribia yako, wazoeshe kwa matone: chukua mpira mwembamba wa kupitishia hewa, ufunge fundo ili maji yapite tone tone, uelekeze kutoka tangini hadi kwenye ndoo waliyomo. Saa moja na nusu inatosha. Wahamishe kwa wavu, na maji ya duka uyamwage.

Maji yanapopungua

Hapa ndipo matangi ya chumvichumvi yanapoharibikia. Maji yakivukiza, chumvi inabaki. Kwa hiyo kinachopungua tangini ni maji baridi matupu, na kinachorudishwa ni maji baridi matupu, yaliyoondolewa klorini. Piga mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo, mahali maji yanapotakiwa kufika, na kila siku mbili tatu ujaze hadi hapo.

Fanya hesabu uone. Tangi letu lina lita 45 na gramu 315 za chumvi, yaani gramu 7 kwa lita. Tuseme linapoteza lita 2 kwa wiki, na wewe unajaza kwa maji ya chumvi kutoka kwenye ndoo yako. Kila wiki umeongeza gramu 14. Baada ya wiki 12 umeongeza 168, na kama hubadilishi maji, chumvi imepanda zaidi ya nusu ya ulivyoanza nayo. Maji yanaonekana yale yale, samaki wanaanza kukataa chakula, na mwenye tangi anakimbilia kununua dawa.

Kubadilisha maji ni jambo jingine. Kila wiki mimi huvuta robo kwa mpira, nikipitisha mdomo wa mpira juu ya mchanga penye mabaki, na kurudisha maji ya chumvi yaliyochanganywa tangu jana, yenye joto na kipimo kile kile. Kwanza jaza hadi mstari kwa maji baridi, kisha ndipo uvute robo. Ukigeuza mpangilio huo, hesabu inapotea. Sponji ya filta ikamuliwe kwenye maji uliyoyavuta, kamwe si chini ya bomba.

Chakula

Gobi hajali chakula kikavu cha vipande vyembamba. Kinamshukia mbele ya pua, anakitazama, kinalala, basi. Wachache hujifunza kula punje ndogo zinazozama, lakini usijenge maisha yao juu ya matumaini hayo. Wanachotaka ni kitu hai, au kilichogandishwa na kinachotikiswa na mkondo: watoto wa atemia (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi), viroboto wa maji, minyoo myekundu iliyokatwakatwa, viluwiluwi vya mbu vilivyo vidogo. Viluwiluwi ni chakula kizuri mno, ila watie wachache wa kumalizika palepale. Wasioliwa wataota mabawa, na wenzako nyumbani watajua wametoka wapi.

Atemia ndio nguzo. Chukua chupa ya plastiki, ikate kitako, igeuze mdomo chini ukiwa umekaza kifuniko. Tia lita moja ya maji na gramu 25 hadi 30 za ile ile chumvi ya bahari, kisha mayai ya atemia, nusu kijiko cha chai. Mpira wa hewa ufike hadi shingoni ili mayai yasitulie. Weka penye mwanga na joto la nyuzi 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hadi 36 maji hugeuka rangi ya chungwa. Zima hewa, weka tochi ubavuni juu kidogo ya shingo, subiri dakika kumi. Maganda matupu yataelea juu, mayai yasiyoanguliwa yatazama shingoni kabisa, na watoto watajikusanya kwenye mwanga kama wingu. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwenye kitambaa laini, wasuuze, wapeleke tangini.

Faida ya maji yetu ni kwamba atemia hawafi mara moja. Kwenye tangi la maji baridi wanazimika upesi na kuoza; humu wanaogelea kwa saa nyingi, na gobi mwenye woga anapata muda wa kula baada ya wababe kushiba. Mtazame anavyowinda: anajiinua kwa mapezi ya mbele, anakunja mkia pembeni, macho mawili yanageuka kila moja kivyake mpaka yote yakutane kwenye kidoa kimoja, kisha anaruka sentimita moja tu. Akikosa, hujifanya hakuwa na nia.

Lisha mara mbili kwa siku, kidogo kidogo. Minyoo iliyogandishwa huwapelekea kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililofungiwa mpira mrefu, nikidondosha mbele ya kila ficho. Tumbo likiwa la mviringo kidogo ukitazama kwa juu, inatosha.

Wa kukaa nao, na wa kukaa mbali

Mimi napenda gobi peke yao, na konokono wachache wa Neritina wanaolamba mwani kwenye kioo. Moli ni samaki hodari wa maji haya, tena huku hawapati ule ugonjwa wa kutikisika ovyo unaowapata kwenye maji laini, lakini watakula kila kitu kabla gobi hajajiinua. Wawe na tangi lao.

Bunju mwenye duara mgongoni, Dichotomyctere ocellatus, anafika sentimita 8 na anapenda 1.005 vilevile. Ni mcheshi, atakufuata kwa macho chumbani kote. Lakini anang'ata mapezi ya wenzake na gobi atamla, basi mpe lita 60 zake peke yake, na konokono wa kuvunja kila wiki kwa sababu meno yake hayaachi kukua. Usimtoe nje ya maji: akijijaza hewa huenda asiweze kuitoa.

Kuna wengine wanaouzwa wakiwa na ukubwa wa sarafu, Monodactylus argenteus, Scatophagus argus, na yule mrusha maji wa Toxotes. Hao watavuka sentimita 20, wengine 30. Waache. Samaki watembeao matopeni nao wanahitaji nchi kavu, hewa yenye joto na unyevu, na kifuniko kisicho na hata tundu. Hilo ni tangi la namna nyingine.

Wakianza kutaga

Gobi walioshiba huanza wenyewe. Tumbo la jike hujaa, dume hutwaa kombe au kipande cha bomba na kufukuza wote isipokuwa jike huyo. Jike hubandika mayai kwenye dari ya ndani kisha dume humtoa nje na kubaki akiyapepea kwa mapezi. Ukiona dume hatoki hata kwa chakula, usisogeze kitu.

Unataka watoto? Siku chache baadaye, chukua kombe pamoja na dume wake, ukiliweka ndani ya bakuli chini ya maji lisitoke hewani, ulihamishie kwenye tangi dogo lenye maji yale yale na sponji inayobubujika taratibu. Yakianguliwa, mrudishe dume kwao. Watoto ni vidoa vinavyoelea katikati ya maji, wadogo mno kwa atemia. Siku za mwanzo watakula rotifa (viumbe wa majini wadogo kuliko atemia), kwa hiyo uwe umeanza kuwafuga rotifa hao kwenye mtungi mapema, kabla hujayaona mayai. Kisha anza kuwaonjesha atemia waliototolewa saa hiyo hiyo: anayewala utaona tumbo lake linageuka rangi ya chungwa, na rotifa usiwakatishe mpaka wote, hata wale wadogo wa mwisho, wawe na rangi hiyo.